Vipimo vya Ladha vya Mkononi: Vinapima Nini, na kwa Ulimi wa Nani?

Mwaka 1934 ushirika wa wakulima wa matunda wa California, Marekani, ulikuwa na shida ya malimau. Maabara yao ilitaka kujua kiwango cha asidi katika maji ya malimau yaliyotiwa salfa dioksidi ili yasiharibike, lakini salfa hiyo ilivuruga vipimo vilivyokuwapo. Elektrodi ya kioo haikuathiriwa nayo, ila umeme iliyoutoa ulikuwa dhaifu mno kusomeka kwenye mita za wakati huo. Mkemia wa maabara akamwendea Arnold Beckman, aliyesoma naye, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha kemia katika chuo cha Caltech. Beckman akaunda kikuza umeme kinachotumia vali za redio, akakiweka pamoja na elektrodi na mita katika sanduku moja la kubebeka. Mwaka uliofuata kifaa hicho kilikuwa sokoni kwa dola 195, na uchachu ukawa na namba ambayo mtu yeyote aliyefundishwa angeweza kuisoma.

Leo kifaa hicho, mita ya pH, kinaingia mfukoni, na wahandisi wanaahidi makubwa zaidi: kifaa cha kuchovya kwenye kikombe au sufuria kikaeleza ladha nzima ya kilichomo. Ahadi hiyo inawagusa watu wengi, kuanzia mnunuzi wa chai mnadani, mpokeaji wa maziwa kijijini na mama anayempikia mgonjwa wa presha, hadi kiwanda kinachotaka juisi ya Januari ifanane na ya Juni. Makala haya yanauliza vifaa hivi vinapima nini hasa, vimefaulu wapi, vimekwama wapi, na sisi wa Afrika Mashariki tunavihitaji kwa kazi gani. Msimamo wangu ni kwamba kifaa cha mkononi hufaulu kinapoulizwa swali moja finyu. Kikiulizwa kama chakula ni kizuri hushindwa, kwa sababu jibu la swali hilo linatoka kwa walaji, na mashine haiwezi kulipata ndani ya bakuli.

Kinachotokea kinywani

Wataalamu wanahesabu ladha tano za msingi: utamu, chumvi, uchachu, uchungu na umami, ule unono unaosikika kwenye supu ya mifupa, dagaa wakavu na nyanya zilizoiva sana. Hiyo ya tano ilielezwa mwaka 1908 na Kikunae Ikeda, profesa wa kemia wa Tokyo, baada ya kutoa glutamati katika mchuzi wa mwani wa kombu. Mwaka uliofuata glutamati hiyo ilianza kuuzwa kwa jina la Ajinomoto.

Kila ladha ina njia yake ya kupokewa. Chumvi na uchachu hutokana na chembe zenye chaji ya umeme zinazoingia kwenye seli za ulimi. Utamu, umami na uchungu hushikwa na vipokezi maalumu, na uchungu peke yake una vipokezi 25 hivi, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kututahadharisha na sumu za mimea, nazo ni za aina nyingi. Vipokezi vya ladha zote vimetapakaa ulimini kote. Ile ramani ya vitabu vya shule inayoweka utamu kwenye ncha na uchungu nyuma haina ukweli.

Mengi tunayoyaita ladha hayatoki kwenye vipokezi hivyo. Pilipili huamsha kipokezi cha joto na maumivu; David Julius alikitambua mwaka 1997, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ukakasi wa ndizi mbichi au wa bibo la korosho ni mguso, utando wa mate ukikazwa mdomoni. Harufu inayopanda puani kutokea kooni ndiyo inayotofautisha iliki na mdalasini, na mtu mwenye mafua anajua jinsi pilau inavyopooza puani pakiziba. Kwa hiyo kifaa kinachochovywa kwenye maji na kusoma umeme kinagusa sehemu tu ya kile anachokipata mlaji, hata kama kimetengenezwa kwa ustadi mkubwa.

Njia mbili za kupima

Vipimo vya ladha vimefuata njia mbili. Ya kwanza ni kuchagua kitu kimoja kinacholeta ladha na kukihesabu. Mita ya pH hufanya hivyo kwa uchachu. Rifraktomita hufanya hivyo kwa utamu wa matunda: tone la maji ya embe huwekwa juu ya kioo, mwanga hupinda kulingana na wingi wa vitu vilivyoyeyuka, na kipimo husomwa kwa digrii za Brix, ambapo digrii 1 ni gramu 1 ya sukari katika gramu 100 za maji ya sukari. Kipimo cha chumvi cha mkononi hupitisha umeme kwenye mchuzi na kukadiria chumvi kutokana na wepesi wa umeme kupita. Japani na Korea Kusini vifaa hivyo ni vya kawaida kwa wapishi na wataalamu wa lishe, kwa sababu supu na michuzi ya soya ya huko huficha chumvi nyingi.

Njia ya pili ni ya kuthubutu zaidi. Mwaka 1989 Kiyoshi Toko na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, waliomba hataza ya kihisi kisichohesabu kemikali moja moja. Walitengeneza tando za lipidi zilizochanganywa na plastiki ya PVC, kila utando ukiwa na mwitikio wake, wakazichovya kwenye kinywaji na kusoma mabadiliko ya volti. Utando mmoja ulikuwa mwepesi kwa uchungu, mwingine kwa uchachu, mwingine kwa umami. Namba za tando zote zikiwekwa pamoja hutoa sura ya kinywaji hicho. Toko aliifuata tabia ya ulimi wenyewe: mtu wa kawaida hatambui tofauti ya ladha mpaka wingi wa kitu ubadilike kwa takriban asilimia 20, na hatua hiyo ikafanywa kuwa uniti moja ya kipimo. Mashine ya kwanza ya kuuzwa ilitoka mwaka 1993.

Katika miaka hiyohiyo ya 1990 Andrey Legin na Yuri Vlasov wa St Petersburg, wakishirikiana na Waitaliano Corrado Di Natale na Arnaldo D'Amico, walijenga safu za vihisi walizoziita ulimi wa elektroniki. Fredrik Winquist wa Linköping, Uswidi, akatumia elektrodi za metali na mapigo ya volti. Kampuni ya Alpha MOS ya Toulouse, Ufaransa, ikaanza kuuza mashine yake ya maabara. Mashine hizo zilijaza meza, zilihitaji mtaalamu, na baada ya kila sampuli zilihitaji kuoshwa kwa uangalifu.

Kutoka mezani hadi kiganjani

Kilichowezesha vifaa hivi kupungua ukubwa kilianzia kwenye ugonjwa wa kisukari. Mwaka 1987 kifaa cha ExacTech, chenye ukubwa wa kalamu, kilimwezesha mgonjwa kupima sukari kwa tone la damu kwenye kijiti chenye kimeng'enya na elektrodi. Vijiti vya aina hiyo sasa huchapwa kwa maelfu kwa wino wa kaboni, hutumika mara moja na kutupwa. Kilifanikiwa kwa sababu kilipima kitu kimoja, glukosi, katika kimiminika kimoja, damu, na kijiti kipya kilihakikisha kwamba uchafu wa sampuli ya jana hauingii kwenye jibu la leo.

Kipimo cha pilipili kimefuata nyayo hizo. Mwaka 1912 Wilbur Scoville, mfamasia wa Marekani, aliizimua dondoo ya pilipili kwa maji ya sukari hadi waonjaji walipoacha kuusikia ukali, na idadi ya mizimuo ikawa ndiyo alama ya pilipili hiyo. Shida ni kwamba ulimi uliochomwa haufai tena kuonja kwa muda. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Prince of Songkla, Thailand, walionyesha kifaa chenye umbo la pilipili kinachochomekwa kwenye simu. Kijiti chake cha karatasi kina elektrodi za grafini, na kapsaisini, kemikali inayoleta ukali, ikikutana nazo hutoa mkondo wa umeme unaoweza kupimwa. Hapa mashine inamshinda mwonjaji moja kwa moja, kwani haichoki wala haiungui.

Wengine wameishika njia ya pili na kuipeleka mfukoni. Mwaka 2019 maabara ya IBM ya Zurich, Uswisi, ilitangaza Hypertaste, kifaa chenye tando za polima zinazopitisha umeme. Mtu hukichovya kwenye kinywaji, simu hutuma namba kwenye kompyuta ya mbali, na katika muda usiofika dakika moja jibu hurudi likisema kinywaji kinafanana na kipi kati ya vilivyokwisha kuhifadhiwa. Oktoba 2024 kundi la Saptarshi Das wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, lilichapisha katika jarida la Nature kazi ya transista za grafini zilizotambua maziwa yaliyotiwa maji, aina za soda, mchanganyiko wa kahawa na juisi iliyoanza kuharibika. Watafiti walipoichagulia akili mnemba vigezo 20 vya kuangalia, usahihi ulizidi asilimia 80. Walipoiacha ijichagulie yenyewe kutoka data ghafi, ulizidi asilimia 95.

Matokeo hayo yanastahili sifa, lakini jibu linalotolewa ni la ufananisho. Kifaa kinasema sampuli hii inakaribiana na ile niliyofundishwa, au imeachana nayo. Kinywaji ambacho hakikuwamo kwenye mafunzo hakina mahali pa kulinganishwa, na kifaa kitakisukumia kwenye kundi lililo karibu hata kama si lake.

Soko limekwisha kutoa somo hilo. Mwaka 2014 kampuni moja ya Israeli ilichangisha zaidi ya dola milioni 2.7 kwa ajili ya SCiO, kifaa cha mkononi kinachomulika chakula kwa mwanga usioonekana, kwa ahadi ya kueleza kilichomo katika karibu kila kitu mezani. Matumizi yaliyodumu ni ya kilimo, kama vile kupima unyevu katika malisho ya mifugo. Swali lilipopunguzwa upana, kifaa kikapata kazi.

Mahali vinapokwama

Chukua glasi ya maji ya ukwaju yasiyo na sukari, uzamishe mita ya pH, uandike namba. Tia vijiko vitatu vya sukari, koroga, pima tena. Namba haibadiliki kwa kiasi cha maana, kwa sababu sukari haikuondoa asidi yoyote. Anayeonja atasema uchachu umepungua sana. Hakuna aliyekosea kati ya mwonjaji na mita. Mita imepima asidi iliyomo kwenye glasi, na mwonjaji ameeleza hisia iliyoundwa na ubongo pale utamu na uchachu vilipokutana. Ladha hufunikana na kuinuana, na kifaa kinachohesabu kitu kimoja hakiwezi kuliona hilo.

Sasa tuje kwenye sufuria ya maharage yaliyolainishwa kwa magadi. Kipimo cha chumvi kinachotegemea upitishaji umeme kitaonyesha chumvi nyingi hata kabla mpishi hajatia chembe moja, kwa sababu magadi nayo huyeyuka na kuachia chembe zenye chaji. Kifaa kilichosanifiwa kwa supu ya Osaka hakijui magadi. Rifraktomita ina udhaifu kama huo: huhesabu kila kilichoyeyuka, iwe sukari, asidi au chumvi, kisha yote ikayaita Brix. Kwenye embe kosa ni dogo kwa kuwa sehemu kubwa ni sukari. Kwenye mchuzi namba hiyo haina maana.

Utamu wenyewe ni mgumu kwa vihisi vya umeme. Molekuli ya sukari haina chaji, hivyo hupita mbele ya utando bila kuushtua, na watafiti wamelazimika kutunga tando maalumu au kutumia vimeng'enya. Halafu kuna hali ya chakula chenyewe. Ulimi wa elektroniki unataka kimiminika, kwa hiyo wali, nyama au ugali lazima usagwe, uchanganywe na maji na kuchujwa, na kila hatua huacha nyuma sehemu ya ladha. Mafuta ya nazi hung'ang'ania kwenye utando, na protini za maziwa huganda juu yake. Joto la mchuzi hubadilisha usomaji. Utando huchakaa, na namba za leo huhama taratibu kutoka zile za mwezi uliopita, hivyo kifaa kisichosawazishwa mara kwa mara kwa kimiminika kinachojulikana hudanganya kwa namba zenye desimali mbili.

Tatizo jingine halizungumzwi vya kutosha, nalo ni la sampuli. Kahawa ya Rwanda, Burundi na Kivu husumbuliwa na dosari ya harufu ya kiazi kibichi inayohusishwa na mdudu wa antestia. Punje moja tu yenye dosari yaweza kuharibu kikombe kizima, na kwa macho haitofautiani na nyingine. Kifaa kikipima punje chache kati ya gunia zima na kukuta salama, bado gunia linaweza kuwa na punje mbaya. Ndiyo maana waonjaji wa huko hutengeneza vikombe kadhaa kwa kila shehena. Kwa tatizo la namna hii kifaa cha kuchovya hakitoshi hata kikiwa kikali kiasi gani, kwani kinachohitajika ni kukagua punje kwa wingi na kwa haraka.

Nani aliweka kigezo

Mwaka 2014 serikali ya Thailand, ikiona vyakula vyake vinapikwa ovyo katika migahawa ya nje, iliunga mkono mashine ya kupima harufu na ladha iliyotoa alama hadi 100. Ili kupata kigezo cha supu ya tom yam, watafiti waliwaita watu wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, Bangkok, na jirani zake, wakawaonjesha supu zilizopikwa kwa namna mbalimbali. Iliyopendwa zaidi ikawa ndiyo sahihi, na tabia zake za kikemia zikawekwa kwenye mashine. Kwa hiyo mashine ilikuwa ikirudia kura ya wanafunzi, wafanyakazi na wakazi wa mtaa mmoja wa mji mkuu. Mpishi wa mkoani aliyerithi tom yam tofauti kwa bibi yake angepata alama ndogo bila kufanya kosa lolote.

Hili lingetokea kwetu mara moja. Pilau ya Zanzibar, ya Mombasa na ya Dodoma hazifanani, na kila moja ina watu wanaoiona ndiyo pilau. Wahenga walisema mchele mmoja mapishi mbalimbali, na kifaa chochote cha kutoa alama kwa pilau kitakuwa kimechukua upande kabla ya kuchovywa.

Tofauti hizo zimo hata mwilini. Mwaka 1931 Arthur Fox, mkemia wa kampuni ya DuPont, alikuwa akimimina unga wa kemikali iitwayo PTC, baadhi yake ukapeperuka hewani. Mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu. Fox mwenyewe hakusikia kitu. Baadaye ikajulikana kwamba uwezo wa kuusikia uchungu huo hurithiwa, na mwaka 2003 jeni inayohusika ikatambuliwa. Watu wawili wanaokula mchicha uleule huenda wanapata ladha mbili. Kwa hiyo kila ulimi wa elektroniki hubeba wastani wa kundi fulani la waonjaji, na mnunuzi ana haki ya kujua kundi hilo ni lipi.

Kazi zinazotusubiri

Hayo yote hayafanyi vifaa hivi kuwa bure. Yanatuonyesha pa kuvipeleka, na kwetu mahali pa kwanza ni kwenye maziwa. Katika vituo vya kukusanyia maziwa Kenya na Tanzania, mpokeaji hunusa chombo mara tu kinapofunguliwa. Kisha huchanganya maziwa na alkoholi kwa kiasi sawa. Yakikatika, yameanza kuchacha. Halafu huzamisha laktomita, kifaa kinachoonyesha uzito wa maziwa yakilinganishwa na maji. Maziwa halisi ya ng'ombe husoma kati ya 26 na 32 hivi, na yaliyotiwa maji hushuka chini ya hapo. Mdanganyifu mjuzi hutia sukari au unga ili uzito urudi mahali pake. Hapo ndipo kihisi cha pili kinapookoa: maji hupunguza chumvichumvi asilia za maziwa na upitishaji wa umeme hushuka, lakini sukari hairudishi upitishaji huo. Laktomita ikisema sawa na kihisi cha umeme kikisema hapana, kuna jambo. Vihisi viwili rahisi vinavyohojiana vinafaa kituoni kuliko ulimi wa elektroniki wenye tando nane.

Chumvi ni kazi ya pili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, na wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Katika jambo hili ulimi ni shahidi dhaifu kwa sababu huzoea: aliyezoea chumvi nyingi huona chakula cha kawaida kimepooza, na akiipunguza kwa wiki kadhaa, chakula kilekile cha zamani humshinda kwa chumvi. Mpishi wa hoteli au wa shule ya bweni, aonjaye sufuria kutwa, anakihitaji kipimo, mradi kimesawazishwa kwa mchuzi wa nazi na maharage ya magadi.

Ya tatu ni mihogo. Mihogo michungu ina kemikali zinazotoa sianidi, na isipoandaliwa vizuri, hasa wakati wa ukame na njaa, huleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na bila kupona, zaidi kwa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Umeripotiwa sana Congo, na Tanzania katika mikoa ya Mara na Mtwara. Uchungu mara nyingi huandamana na sumu hiyo, lakini ulimi hauwezi kusema kama unga uko chini ya kiwango cha miligramu 10 kwa kilo kilichowekwa na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO). Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alibuni kipimo kisichohitaji hata betri. Unga kidogo wa kupimwa huwekwa kwenye kichupa pamoja na karatasi yenye kimeng'enya, hutiwa maji, kisha karatasi ya njano ya pikrati huning'inizwa juu yake na kifuniko kufungwa. Baada ya usiku mzima karatasi hiyo hubadilika kuelekea kahawia kadiri sianidi ilivyo nyingi, na rangi hulinganishwa na chati. Bradbury aliongeza na dawa: unga uloweshwe, utandazwe kwa tabaka jembamba saa mbili juani au saa tano kivulini, na sehemu kubwa ya sumu itapaa kabla ya ugali kusongwa. Kipimo cha namna hii, chenye swali moja na jibu linalofuatiwa na hatua, ndicho mfano wa kuigwa na kila mbunifu wa kihisi kwa ajili yetu.

Ya nne ni dawa za watoto. Vidonge vya malaria ni vichungu, na mtoto akitema amekosa dozi. Viwanda vya dawa ni wateja wakubwa wa ulimi wa elektroniki, maana unaweza kulinganisha michanganyiko mingi bila kumwonjesha mtu kemikali ambayo usalama wake haujathibitishwa. Hata hivyo, kabla ya dawa mseto ya Coartem ya kuyeyusha kutoka mwaka 2009, waliopewa kuchagua kati ya ladha tatu, chungwa, stroberi na cheri, walikuwa watoto wa shule wa Tanzania, na dawa ikatoka na ladha ya cheri. Mpangilio huo unafaa: mashine ichuje mamia, watu waamue machache ya mwisho.

Katika chai na kahawa mpangilio uwe huohuo. Kolkata, India, watafiti wametengeneza pua na ulimi wa elektroniki kwa ajili ya chai. Kabla ya mnada wa Mombasa mnunuzi hufyonza kijiko kwa sauti ili chai itawanyike mdomoni na harufu ipande puani, hutema, na kusogea kwenye kikombe kinachofuata. Kifaa kinaweza kumsaidia mkulima wa Kericho au Mufindi kujua mapema kama majani yake yameshuka ubora, kabla hayajafika kwa mwonjaji anayepanga bei. Kumwondoa mwonjaji huyo kutamuumiza mkulima, kwa sababu ladha mpya ambayo kifaa hakijafundishwa itahesabiwa kuwa dosari.

Onyo moja ni la lazima. Kuna sumu zisizo na ladha. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliwadhuru watu 317 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na kuua 125. Kuonja ugali hakumsaidii mtu kugundua aflatoksini, na kifaa kinachouzwa kwa jina la kupima ladha kisichukuliwe kuwa kipimo cha usalama. Kwa aflatoksini kuna vijiti vyake maalumu vya kupimia nafaka.

Anayetaka kununua kifaa cha namna hii, awe meneja wa kiwanda au kiongozi wa ushirika, aulize mambo matatu. Kinapima kitu gani kwa jina, na katika chakula gani? Kinasawazishwaje, kila baada ya muda gani, na vijiti vyake vitapatikana mwakani kwa bei gani? Kigezo chake kilitoka kwenye ndimi za nani? Muuzaji asiyeweza kujibu la tatu anauza ladha ya watu wengine.

Vyuo vikuu vyetu na mashirika ya viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya yakiwamo, yana kazi ambayo hakuna kampuni ya nje itakayotufanyia: kuwakusanya waonjaji wa chai, kahawa, asali na maziwa walio hai, kuandika hukumu zao pamoja na vipimo vya kemia vya sampuli zilezile, na kuzihifadhi data hizo mikononi mwa umma. Elektrodi na grafini zinanunulika popote. Data ya ulimi wa Kericho, Moshi na Tabora haiuzwi dukani, na tusipoikusanya sisi, vifaa vitakavyokuja kupima chakula chetu vitatuhukumu kwa ulimi wa wageni.